Wiki ya tisa tunachora kwa penseli katika kozi ya midia ya kuona na usanifu: kwa nini kompyuta inacheleweshwa?

#1 Kivuli cha Adhuhuri (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, habari zenu. Nimeanza mwaka wa kwanza wa stashahada ya midia ya kuona na usanifu katika chuo cha kati, na leo tumeingia wiki ya tisa. Tangu siku ya kwanza tumechora chupa, viti, mikono yetu wenyewe na mikunjo ya kitambaa. Tumekata vipande vya karatasi nyeusi na kuvipanga juu ya karatasi nyeupe. Na tumetumia siku nne nzima kuchora herufi moja tu, "a" ndogo, ikijaa karatasi ya A3. Chumba cha kompyuta tunakiona tukipita nje ya dirisha lake. Nilijiunga ili nijifunze kusanifu nembo, mabango, kurasa na video, na hadi sasa sijafungua programu hata moja inayotumika katika kazi hizo. Nilipomuuliza mkufunzi, alinijibu kwamba jicho hutangulia mkono, na mkono hutangulia mashine. Jibu lilinipendeza, lakini halikunieleza kwa nini ziwe wiki tisa na si mbili. Naomba waliopita njia hii wanifafanulie sababu hasa ya mpangilio huu.

#2 Fremu 25

Karibu jukwaani. Sisi wa upande wa video tulianza vivyo hivyo, ila badala ya chupa tulichora visanduku: kila kisanduku ni picha moja ya tukio, na chini yake ni maelezo ya mahali kamera itakapokaa. Niliiona kazi hiyo kuwa adhabu, nikaenda kurekodi mazungumzo ya watu wawili bila kuchora chochote. Nilipoketi kuhariri, niligundua kwamba katikati ya mazungumzo nilikuwa nimeihamishia kamera ng'ambo ya pili ya mstari unaowaunganisha wazungumzaji, kwa hiyo wote wawili walionekana kutazama upande mmoja, kana kwamba wanazungumza na mtu wa tatu aliye nje ya picha. Nilijaribu kuigeuza picha kulia kuwa kushoto, yakageuka pia maandishi yaliyokuwa ukutani nyuma yao. Ilibidi turudi kurekodi upya. Visanduku vitatu vya penseli vingeniepushia siku mbili za kazi.

#3 Mjifunzaji

Kwa heshima, nitapingana na #2. Mimi sikupita chuoni. Nilijifunza kwa masomo ya video ya mtandaoni na kwa kazi za wateja, na huu ni mwaka wa nane ninaishi kwa fani hii. Hakuna mteja aliyewahi kuniomba daftari la michoro. Kila mmoja huomba faili, tena hulitaka mapema. Kosa alilolieleza #2 ni la kutojua kanuni ya mstari, kanuni ambayo huelezwa kwa dakika tano, kwa hiyo silioni likihusiana na penseli. Chuo kinachomweka mwanafunzi wiki tisa kabla ya kumgusisha zana za kazi yake kinamfundisha historia ya fani na kumnyima fani yenyewe.

#4 Kalamu Mkononi

Mpangilio huo haukubuniwa na mkufunzi wako, mwanzilishi. Unatokana na shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa Berlin mwaka 1925, ambako kila mwanafunzi alilazimika kupita kozi ya awali ya umbo, rangi na malighafi kabla ya kuruhusiwa kuingia karakana yoyote. Vyuo vingi vya usanifu vilirithi utaratibu huo na kuuita mwaka wa msingi. Kwa ufupi, unafanya zoezi lenye umri wa miaka mia moja.

#5 Mzee wa Maktaba

Mkuu #4, hoja yako inasimama, lakini mji na mwaka virekebishwe. Bauhaus ilianzishwa na Walter Gropius mjini Weimar mwaka 1919. Mwaka 1925 ndipo ilipohamia Dessau, na Berlin kilikuwa kituo chake cha mwisho tu, kabla haijafungwa mwaka 1933 kwa shinikizo la utawala wa Nazi. Kozi ya awali iliasisiwa na Johannes Itten na ilichukua miezi sita. Asiyefaulu hakuendelea na karakana. Itten alipoondoka mwaka 1923, kozi ilishikwa na László Moholy-Nagy na Josef Albers. Albers alihamia Marekani mwaka 1933, na huko ndiko alikojulikana kwa kufundisha rangi kwa vipande vya karatasi badala ya rangi za kupaka, kwa sababu karatasi moja ikiwekwa juu ya mandhari mbili tofauti huonekana kuwa na rangi mbili tofauti, na mwanafunzi hawezi kusingizia kwamba alichanganya vibaya. Kwa hiyo hata vipande vyako vya karatasi nyeusi, mwanzilishi, vina ukoo wake.

Hata hivyo, naongeza jambo linaloidhoofisha hoja hii ya urithi. Katika karakana za wakati ule, karatasi, mbao, kitambaa na chuma vilikuwa ndiyo malighafi ya kazi yenyewe, kwa hiyo mwanafunzi aliyeshika karatasi katika kozi ya awali alikuwa tayari ameshika kazi. Leo sehemu kubwa ya malighafi yetu ni nuru ya skrini. Sina hakika kwamba mtu anayesema "Bauhaus walifanya hivi" amejibu swali la #1.

#6 Mkufunzi wa Jioni

Ninafundisha kozi ya aina hii, na naona sababu moja bado haijatajwa, nayo ni namna kazi inavyopewa alama. Katika kozi nyingi za ngazi hii mtahini hapimi bango la mwisho peke yake. Hupima pia utafiti, majaribio, mawazo yaliyokataliwa pamoja na sababu za kukataliwa kwake, na tathmini ya mwanafunzi mwenyewe. Mwanafunzi anayeleta bango zuri lisilo na kurasa nyuma yake hupoteza alama nyingi, na mwenzake mwenye bango la wastani lililotokana na majaribio ishirini humpita. Daftari la michoro ndilo ushahidi wa safari hiyo. Anayeanza na kompyuta huwa anafuta ushahidi wake kila anapobonyeza kitufe cha kutendua, na mwisho wa muhula anakuja kwangu na faili moja na maelezo ya mdomo.

Kuna sababu nyingine, na sioni haki ya kuificha. Katika baadhi ya vyuo chumba cha kompyuta ni kimoja, kinatumiwa na makundi kadhaa, na wa mwaka wa mwisho hupewa kipaumbele kwa sababu ya mradi na maonyesho yao. Wiki za penseli huwa zinaangukia kwa wale ambao ratiba haikuwapatia nafasi. Falsafa ya jicho na mkono naiamini kwa dhati, lakini nimeona pia ikitumiwa kufunika upungufu wa mashine.

#7 Kivuli cha Adhuhuri

Asanteni nyote. Mwalimu #6, aya yako ya pili imenigusa zaidi ya ile ya kwanza, maana hakuna aliyewahi kutuambia hivyo. Kama tungeambiwa tangu mwanzo kwamba daftari lina alama, tusingeyatupa makaratasi ya wiki mbili za kwanza. Nusu ya darasa tuliyatupa.

#8 Mama Mwenye Binti Chuoni

Nimesoma kimya, sasa naomba niseme. Binti yangu alisoma kozi hii katika chuo ambacho sitakitaja. Nyumbani hatukuwa na kompyuta. Katika wiki za penseli alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora. Kazi zake zilibandikwa ukutani, na kila jioni alirudi akiniwekea daftari mapajani anieleze kwa nini kivuli cha kikombe huwa cheusi zaidi karibu na kikombe kuliko mbali nacho. Kompyuta zilipofunguliwa katika wiki ya kumi na mbili, wenzake waliokuwa nazo nyumbani walikuwa wamejifunza wenyewe zamani. Mkufunzi aliona wengi wanajua, akaenda kwa mwendo wao. Binti yangu alikuwa bado anatafuta namna ya kuhifadhi faili, naye hakuweza kusema. Muhula uliofuata hakurudi.

Mnabishana kama penseli inafundisha jicho. Mimi sina ubishi na hilo, kwa kuwa nililiona jicho la mwanangu likikua. Ninachouliza ni kwamba, ikiwa chuo kinachelewesha mashine kwa miezi mitatu, aliye nayo nyumbani hacheleweshwi. Anayecheleweshwa ni nani?

#9 Fremu 25

Pole sana, mama. Nilipoandika #2 sikulifikiria hili, kwa sababu kwetu kulikuwa na kompyuta na mimi ndiye niliyekuwa miongoni mwa wale "wanaojua tayari". Nakumbuka wenzangu wawili waliokuwa wakikaa nyuma kabisa ya chumba, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

#10 Wino Mweusi

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, kwa hiyo mimi hupokea faili za wanafunzi wa pande zote mbili, waliosoma na waliojifunza wenyewe. Nitaeleza ninachokiona mezani kwangu.

Kosa la kwanza ni rangi. Mwanafunzi anasanifu bango lenye kijani kinachowaka kwenye skrini, ambako rangi hutokana na mchanganyiko wa nuru nyekundu, kijani na buluu. Sisi tunachapa kwa wino wa saiani, majenta, manjano na nyeusi, na wino hauwezi kukifikia kijani kile. Bango linatoka limepooza, na mwenyewe anadhani mashine yangu ni mbovu. Kosa la pili ni kingo: tunahitaji milimita 3 za ziada kila upande ili kisu kikikata usionekane mstari mweupe, lakini faili huja limeishia pale pale karatasi inapoishia. La tatu ni picha iliyochukuliwa mtandaoni, ndogo, ikavutwa mpaka A2, ilhali bango la kusomwa kwa karibu huhitaji takriban nukta 300 kwa kila inchi.

Sasa kwa mjadala wenu: makosa yote matatu hayatibiwi na penseli, wala hayatibiwi na kujua programu. Yanatibiwa na kumleta mwanafunzi kiwandani aone karatasi ikitoka mashineni. Katika uzi mzima huu hakuna aliyesema chuo kiliwapeleka kwa mchapaji.

#11 Rangi Mbili

Mimi nina upofu wa rangi; nyekundu na kijani hunichanganya. Nilipojiunga na chuo niliogopa kusema, na miezi ile ya kwanza ya penseli na karatasi nyeusi ndiyo iliyoniweka katika fani. Tulilazimishwa kutengeneza kila kitu kwa weusi, weupe na rangi za kijivu zilizo katikati, mpaka nikazoea kuuona uzito wa rangi kabla ya jina lake. Leo nikisanifu ukurasa wa wavuti, kwanza naugeuza wote kuwa kijivu. Maandishi yakisomeka vizuri hapo, ndipo ninapoweka rangi na kupima. Miongozo ya kimataifa ya wavuti hutaka tofauti ya mwangaza isiyopungua 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake, na 3 kwa 1 kwa maandishi makubwa. Wenzangu wanaoona rangi zote ndio wanaoniletea maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe na kuniambia yanapendeza.

Kwa hiyo mtu akisema mazoezi hayo ni ya bure, mimi siwezi kukubaliana naye, hata kama asili yake ni uhaba wa kompyuta.

#12 Mjifunzaji

Nimesoma #8 na #11 mara mbili. Nabaki na msimamo wangu kuhusu muda, lakini naondoa neno nililolisema kwamba chuo kinanyima fani. Kanuni ya kugeuza ukurasa kuwa kijivu niliijua mwaka wa tano wa kazi, baada ya mteja kulalamika kwamba wazee hawasomi kipeperushi changu. Kama kuna mtu angenifundisha mwanzoni, ningemshukuru.

Lakini tusisahau kwamba mwanafunzi anaweza kufanya kazi halisi akiwa bado chuoni. Nembo ya Nike ilichorwa na mwanafunzi, Carolyn Davidson, akalipwa dola 35 basi. Mwanafunzi asiyejua thamani ya kazi hunyonywa, na wiki hizo tisa hazimfundishi kuandika ankara.

#13 Mzee wa Maktaba

Ni kweli ilikuwa mwaka 1971, alipokuwa akisoma Portland State University, na malipo yalikuwa dola 35. Ila hapo kwenye "basi" pana nyongeza: mwaka 1983 kampuni ilimpa hisa zake pamoja na pete. Mfano mwingine wa kazi ya mwanafunzi ni alama ya mishale mitatu inayozunguka, ile ya urejelezaji, iliyobuniwa mwaka 1970 na Gary Anderson kwa ajili ya shindano alipokuwa mwanafunzi. Nauleta mfano huo kwa sababu wazo lake ni ukanda wa karatasi uliosokotwa nusu duara na kuunganishwa ncha, jambo ambalo mtu hulielewa upesi zaidi akiushika ukanda wenyewe mkononi.

#14 Kalamu Mkononi

Asante kwa marekebisho ya #5, mzee. Niongeze sababu nyingine ambayo walimu wangu waliitoa: programu hufa. Niliposoma mimi, muhula mzima ulitumika kutufundisha Flash, programu ya kutengeneza katuni za wavuti, vibonyezo vyake na menyu zake, na tulitahiniwa kwa hayo. Msaada wa Flash ulikoma rasmi tarehe 31 Desemba 2020, na vivinjari vikaacha kuicheza. Kilichobaki kwangu kutokana na muhula ule ni yale tuliyofanya kwa karatasi: jinsi mpira unavyobonyea unapogusa sakafu, na kwamba sekunde moja ya katuni ya fremu 24 mara nyingi huchorwa kwa michoro 12, kila mmoja ukionyeshwa mara mbili.

#15 Fremu 25

Hoja ya #14 naikubali kwa nusu. Flash ilikufa, lakini aliyeijua vizuri alihamia programu nyingine kwa wiki chache, kwa sababu mstari wa wakati, fremu kuu na tabaka ni dhana zile zile kila mahali. Kujifunza zana moja kwa kina nako ni kujifunza jicho. Sidhani kama tumeonyesha kwamba penseli peke yake ndiyo inayodumu.

#16 Mkufunzi wa Jioni

Kuna jambo jipya limeingia tangu zana za kutengeneza picha kwa maelezo ya maneno zienee. Mwanafunzi anaweza kuleta picha iliyokamilika kabisa, nami siwezi kujua kama ni yake. Siku hizi namwomba anionyeshe mchoro wa kwanza, wa pili na wa tatu, halafu namwuliza kwa nini aliuacha wa pili. Asiyeupitia mchakato hukwama katika swali hilo. Wakufunzi wenzangu kadhaa wamerefusha muda wa penseli kwa sababu hiyo hiyo. Naogopa kwamba tunawaadhibu wanyofu kwa hofu ya wachache, na sijapata njia bora zaidi.

Mama #8, nimeliwaza swali lako tangu jana. Katika darasa langu sijawahi kuwauliza wanafunzi ni nani asiye na kompyuta nyumbani. Nilichukulia kwamba wiki za penseli zinawasawazisha.

#17 Wino Mweusi

Mwanzilishi, mbona ile "a" ya siku nne hujatuonyesha? Kwetu kiwandani ukituletea herufi iliyochorwa vibaya, ikikuzwa hadi ukubwa wa ukuta kila mpita njia ataiona. Lete tuikosoe.

#18 Kivuli cha Adhuhuri

Picha nitaiweka kesho nikiwa na mwanga mzuri. Ila naeleza nilichokiona, kwa sababu leo tumehamia herufi "o" na kitu kimoja kimenishangaza. Niliichora ikagusa mistari miwili, wa juu na wa chini, sawasawa na "x" iliyo pembeni yake. Nilipopima kwa rula zilikuwa sawa kabisa, lakini "o" ilionekana fupi. Mkufunzi akaniambia niipandishe kidogo juu ya mstari na kuishusha kidogo chini yake. Nilipofanya hivyo ikaonekana sawa, ingawa sasa rula ilisema haziko sawa. Akanieleza kwamba mviringo hugusa mstari kwa nukta ndogo tu, ndiyo maana jicho huupunguza. Kisha nikairudia ile "a" yangu nikakuta tumbo lake lina tatizo hilo hilo, nami nilikuwa nimelitazama siku nne bila kuliona.

Bado sijapata jibu la wiki tisa. Hilo la "o" nililipata kwa saa moja.

#19 Mjifunzaji

Ndivyo ninavyosema. Saa moja, kwa mkufunzi aliyesimama nyuma yako. Zoezi hilo hilo lingeweza kufanyika asubuhi kwa penseli, na mchana kwenye skrini, wiki ya kwanza.

#20 Mkufunzi wa Jioni

Lingeweza, kama mchana chumba kingekuwa wazi. Nimeomba mkuu wa idara aniruhusu kukifungua jioni mbili kwa wiki kwa ajili ya mwaka wa kwanza, nami nitakaa nao. Nimependekeza tuanze na wale wasio na mashine nyumbani, lakini sijajua nitawaulizaje mbele ya wenzao bila kuwafedhehesha. Mama #8, kama binti yako yuko tayari kushauri, ningependa kumsikia yeye.

#21 Mama Mwenye Binti Chuoni

Nimemsomea ujumbe wako. Amesema usiwaulize mbele ya wenzao. Wape wote karatasi, kila mmoja achore meza anayofanyia kazi akiwa nyumbani, kisha zitazame michoro.